Kijiji cha Mdomoni

Nimelala nje. Naliweka hilo mwanzoni kabla sijapata sababu ya kuliahirisha, maana kuahirisha ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote maishani mwangu. Baba yangu alikuwa konstebo wa polisi, mtu wa mashariki ya nchi, akahamishiwa Kasese na akafia Kasese. Kibanda tulichokaa kambini, cha bati, cha mviringo, kilichochemka mchana kama sufuria, kilikuwa cha kazi. Baba alipoondoka kazi iliondoka naye, na kibanda kikataka mwenye kazi mwingine. Ndugu zake walimpa mama habari kwamba ardhi ya kwao ilikwisha kugawanywa, na kwamba fungu la baba alilipoteza mwenyewe kwa kutorudi. Mama akatuchukua mpaka Bwera, kwa sababu alisikia kuwa mpakani watu wana haraka na hawaulizi sana. Tukalala kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, msimu mzima wa mvua: mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na mjane mwingine wa kambini ambaye sisi watoto tulimwita mama wa kona, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa cha mwisho, konani. Yeye alilala upande wa barabarani. Hakuna aliyempangia. Jioni ya kwanza alikuja tu akatandika kitenge chake pale ambapo mlevi angejikwaa kwanza.

Kulala mlangoni pa duka linalouza mabati na misumari ni jambo la kuchekesha, lakini sikulicheka. Nililicheka chuo kikuu, baada ya mhadhara mmoja kuhusu kejeli, na nililicheka peke yangu, chooni, kwa kuwa hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia. Wenzangu nilikuwa nimewaambia kwamba tulikaa Bwera kwa jamaa. Mume wangu, wakati alipokuwa bado mume wangu, aliwajua jamaa hao mmoja mmoja, na kuna shangazi aliyempenda sana, maana nilimbuni vizuri. Hata Kiswahili changu nilikikana. Katika nchi yangu watu wengi wakisikia Kiswahili wanatazama kama kuna bunduki nyuma yake, na mtoto anayekisema bila kusita ni lazima awe wa kambini. Nikasema nimekisoma vitabuni. Mhadhiri wangu akanisifu kwa bidii.

Kisha nikawa mwandishi wa makala, na moja ya mada zangu, Mungu anisamehe, ilikuwa watu wasio na makazi. Niliandika juu yao kama mtu anavyoandika juu ya ndege wa ziwani: wanakusanyika wapi, wanahama lini, adui zao ni nani. Makala hizo zilisifiwa kwa utulivu wake.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasomaji wa mbali. Kwetu hakuna mtu anayeruhusiwa kukosa nyumbani. Unaweza kukosa chakula, kazi, meno, na watu watakuonea huruma ya kiasi. Lakini nyumbani ni mahali walipozikwa babu zako, na kila mtu ana babu, kwa hiyo kila mtu ana nyumbani, hesabu imekwisha. Ukionekana unalala nje, watu hawaulizi umepatwa na nini. Wanauliza, "Kwenu ni wapi?" Wanauliza kwa sauti ileile ya kumwambia mlevi afunge zipu. Asiyekuwa na jibu ameficha kitu: ameroga, ameua, ameiba ng'ombe, amefukuzwa na ukoo kwa sababu ambayo ukoo, kwa adabu, hausemi.

Sisi watu wa kambini tuliligundulia swali hilo dawa. Kila familia iliyopoteza njia ya kurudi ilijichagulia kijiji, na watoto wakakariri. Tulikiita kijiji cha mdomoni. Kilitakiwa kiwe milimani, mahali ambapo hakuna mtu wa mjini atakayejisumbua kupanda kwenda kuhakikisha, na ilibidi ujue jina la kanisa moja, mto mmoja, na kama kahawa yao huiva mapema au kwa kuchelewa. Cha kwetu kilikuwa Karambi. Mama wa kona, aliyezaliwa kaskazini, ng'ambo ya Mto Nile, na ambaye hana huko hata mtu wa kumwita kwa jina, alijichagulia Mahango. Alisema mume wake alikuwa mtu wa Mahango. "Kule ni juu sana," alimwambia mama. "Nani atapanda?"

Mdogo wangu ndiye pekee kati yetu aliyekinunua kijiji chake. Alianza kwa kubeba mizigo mpakani, akawa tanboi, utingo wa lori, akawa dereva, sasa ana malori mawili yake mwenyewe, na ana kiwanja Karambi chenye kahawa, migomba, nyumba yake, na safu ya vyumba anavyopangisha. Ameoa humohumo, kwenye familia inayosalimiwa kwa kusimama. Wakwe zake wanajua kwamba amekulia Bwera. Kwa jamaa.

Mama yetu alikufa kabla ya malori. Mama wa kona alirudi Kasese akawa anakaanga muhogo karibu na kituo cha mafuta, na mimi nilipohamia mtaa huohuo kufundisha chuoni, nikawa nanunua kwake. Alinijua mara ya kwanza kabisa. Hakusema kitu mbele za watu. Alinifungia muhogo kwenye gazeti, akaongeza kipande, akasema, "Kula, mutoto wa afande," kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudisha kitu ulichodondosha.

Sasa nafika kwenye picha.

Mtaa wetu una kikundi cha majirani kwenye simu. Hutumika kutangaza maji yaliyokatika, mbuzi waliopotea, na aya za Biblia. Asubuhi moja iliingia picha ya pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro lililokunjwa, beseni, jiko la mkaa na karai la muhogo. Mbele alikaa mama wa kona, amefungwa mkanda, ametazama moja kwa moja kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kando ya mlango alisimama mwenye nyumba wake, mlokole mwenye suti, mkono mmoja ameuinua kumbariki. Chini yake ameandika: "Leo tumemrudisha mama yetu nyumbani Mahango. Asanteni wote mliochangia. Mungu ni mwema."

Majirani walijibu kwa mikono iliyofumbatwa, maua, mioyo. Mmoja aliandika, "Hakuna kama nyumbani." Sikuwa nimejua kuhusu mchango huo, ulipitia kanisani mwao. Nilisimama jikoni na kisu mkononi, na nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa kichefuchefu kabisa, cha aina ile ya kula kitu kitamu kilichooza.

Nilipanda Mahango kwa bodaboda. Dereva alinidai zaidi kwa sababu ya mteremko wa kurudi, nikamlipa bila kubishana, jambo lililomtia wasiwasi. Nilimkuta mama wa kona kwenye kituo cha biashara, kwenye baraza la stoo ya kahawa, amekaa juu ya godoro lake. Pikapu ilikuwa imemshusha pale na kugeuza. Karibu yake walisimama wanawake wawili na mzee mmoja aliyevaa buti.

"Wewe ndiye mutu wake?" mzee aliniuliza.

"Ni mimi."

"Anasema ameolewa hapa. Tumemuuliza kwa nani. Ametaja mutu ambaye hapa hakuna. Tumempa chai, tumempa ugali wa bundu, amekula. Lakini, madam, watu wa Kasese wakichoka na kitu wanakitupa mtoni. Sasa wameanza kuvitupa huku juu?"

Mwanamke mmoja alicheka akaficha mdomo. Mwingine alisema kwa Lhukonzo, lugha ya milimani, kwamba mtu asiyejulikana kwao huenda ana sababu, nami nikajifanya sielewi, kwa kuwa kujifanya sielewi nimesomea.

Mama wa kona alikuwa amepungua. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alikuwa akipumua kwa kazi. Lakini alinitazama kwa furaha ya kweli.

"Nimefika kwetu," akasema. "Pazuri. Iko baridi tu."

"Kwa nini hukumwambia mwenye nyumba ukweli?"

"Ningemwambia nini? Alikuja na mchungaji. Wameomba mpaka jasho limewatoka. Wamesema, mama, tunakupeleka kwenu. Nikasema asante. Walikuwa na furaha sana, mutoto. Ungeweza kuwaharibia?"

Tulirudi naye mjini, yeye katikati ya dereva na mimi. Godoro tuliliacha kwa wanawake wale, na nadhani ndilo lililowafanya watuage vizuri.

Mwenye nyumba nilimkuta akisimamia kijana anayepaka rangi. Chumba cha mama wa kona kilikuwa tayari cheupe.

"Madam, karibu, usiguse ukuta."

Nilimwambia nimemrudisha. Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyevumilia mengi.

"Sikiliza, madam. Mimi si mutu mbaya. Yule mama alikuwa analipa. Sina neno naye. Lakini ameanza kuanguka. Ameanguka bafuni, ameanguka hapa mlangoni. Sasa nikuulize, wewe umesoma. Akifa mule ndani?"

"Watu hufa."

"Wanafia kwao! Akifia kwangu, maiti ni ya nani? Mwenyekiti wa mtaa ataniuliza, huyu ni mutu wa wapi? Nitasema sijui? Nimpeleke wapi? Nimzike pale kwenye tanki la maji? Na wapangaji watakimbia wote. Chumba alichofia mutu asiyekuwa na kwao, nani atalala humo?" Akapunguza sauti, akawa mpole kabisa. "Nilimuuliza siku anaingia. Kwenu ni wapi? Akasema Mahango. Kwa hiyo alinidanganya. Mutu mzima, anadanganya kuhusu kwao. Hiyo si dhambi ndogo."

Nilitaka kumjibu kwa ufasaha. Nina shahada. Nikasema, "Rangi yenyewe mbaya," nikaondoka.

Mtu atauliza kwa nini sikumchukua nyumbani kwangu tukamaliza. Swali zuri. Nyumbani kwangu si kwangu. Nafundisha chuoni kwa mkataba wa muhula, na mihula miwili ikikutana vibaya huwa nakula kama mwanafunzi. Ninapanga chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mjane mcha Mungu ambaye hupenda wapangaji wasiopika samaki. Nilimlaza mama wa kona kwenye kochi, na kabla ya chai mjane alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, una mgeni."

"Ni mama yangu mdogo."

"Vizuri. Siku chache si mbaya. Anaumwa nini?"

"Miguu."

Alichungulia. Mama wa kona akamsalimia kwa Lhukonzo safi ya sokoni, na mjane akajibu, lakini jicho lake lilibaki kwenye miguu. "Na hajafikiria kurudi kwenu? Wewe kwenu uliniambia... Karambi, sivyo?"

Hapo palikuwa pahali pazuri pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia, na mashahidi walikuwepo.

"Karambi," nikasema.

Mama wa kona alisubiri mjane aende, akacheka mpaka akakohoa. "Umelisema vizuri," akasema. "Kama mama yako."

Nikaanza kutafuta chumba. Sitaeleza vyote. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyesema anachukua watu wa kazi tu, kisha akaniuliza kama nasoma magazeti, kwa kuwa kuna mwanamke anayeandika vizuri sana kuhusu maskini. Kulikuwa na nesi ambaye aliuliza kwa nini mama huyu hakujenga alipokuwa na nguvu. Alisema "hakujenga" kama mtu anayesema "hakuoga". Huko Muhokya, nje ya mji, nilimkuta kijana aliyekuwa tayari kabisa mpaka nilipotaja umri. Wote waliuliza kwao ni wapi, na wote, niliposita, walinitazama mimi kwa huruma mpya, kama nimeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Mwishowe niliandika kwenye kikundi cha majirani. Niliandika kwa uangalifu, sentensi fupi, bila lawama: mama aliyekuwa akitukaangia muhogo hana mtu Mahango, anahitaji chumba, tuchange kodi. Niliweza kuwahisi wote wakisoma na kuweka simu chini. Kisha mtu akaandika kuhusu bomba lililopasuka. Kisha mwenye nyumba mwenyewe akaandika kwamba, kama si Mahango, basi amesikia mama yetu asili yake ni kaskazini, na je, tuchange nauli ya kumfikisha huko?

Hapo michango ilianza kumiminika. Mmoja akatoa nauli ya basi, mwingine chakula cha njiani. Mwingine akajitolea blanketi, na fundi seremala, ambaye namheshimu, akaandika kwamba ikitokea la kutokea huko njiani, sanduku atatoa yeye, bure. Walishukuriana. Walibarikiana. Nilitazama mikono ile midogo iliyofumbatwa ikipanda kwenye kioo na nikaelewa kitu ambacho makala zangu zote za utulivu hazikuwahi kukigusa. Hawakuwa wachoyo, na ndiyo maana walinichukiza. Mchoyo angeeleweka. Watu hawa wangetoa chochote ili mtu aende. Mtu akae, hawana hata shilingi. Kwao huruma ina magurudumu.

Nilimsomea mama wa kona. Aliuliza blanketi ni la aina gani.

Tukaenda Bwera. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza. Alisema Bwera bado kuna watu wanaomwogopa. Tulikwenda kwanza kwa haji mmoja, mfanyabiashara wa mitumba na usafirishaji, mwenye vyumba vizuri nyuma ya ghala. Alitupa viti, akatupa soda, akasikiliza bila kutazama simu, na kwa siku zile hiyo ilikuwa heshima ya kifalme.

"Mama, chumba kipo," akasema. "Wallahi kipo. Lakini nikuulize kama mtoto wako. Ungekuwa wa kwetu, Mwislamu, nisingeuliza kitu. Mtu wetu akifariki, makaburi tunayo, watu wa kumwosha tunao, ile saa moja mambo yamekwisha. Lakini wewe ni Mkristo. Likitokea, nitabisha hodi kwa nani?"

"Kwa hiyo nikibadilisha dini nitapata chumba?" mama wa kona akauliza.

Haji alishtuka. "Dini si kwa ajili ya chumba, mama."

"Naelewa. Lakini choo iko ndani ama nje?"

Haji alicheka mpaka akajifuta macho, akatupa soda nyingine, na hakutupa chumba. Nilipotoka nilimchukia kuliko wengine, kwa sababu ndiye pekee ambaye ningependa anipende.

Kwa hiyo akabaki mdogo wangu. Nilikuwa nikimwacha wa mwisho, nanyi mnajua kwa nini. Tulimkuta kwenye yadi yake ya malori karibu na barabara ya mpakani, akipiga kelele kuhusu tairi. Alipotuona aliliacha tairi. Aliingia na mimi kwenye kiofisi chake na kufunga mlango, akamwacha mama wa kona nje kwenye ngazi.

"Dada, umemleta huyu kufanya nini?"

"Unamkumbuka."

"Sijasema simkumbuki. Nimesema umemleta kufanya nini."

"Una vyumba saba. Kimoja hakina mtu, mkeo aliniambia. Na una ardhi."

"Nina wakwe! Wako mlango wa pili, dada. Mama mkwe anaingia kwangu bila hodi. Atauliza, huyu ni nani wenu? Nitasema nani?"

"Sema ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba alilala upande wa barabarani ili gari lisikupitie wewe."

Alikaa chini. Ni mtu mnene sasa, na kiti kililia. "Wewe umemwambia nani?" akauliza. "Mume wako ulimwambia? Huko chuoni umewaambia? Kila mwezi unaandika, maskini hivi, maskini vile, mimi nasomewa na dereva wangu. Hata mara moja umesema, mimi? Halafu unakuja kunipa mimi ukweli nikaubebe Karambi."

"Nitaandika," nikasema. Nilikuwa na hasira, ndiyo sababu pekee ya kulisema hilo.

"Andika. Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi andika mpaka uchoke. Wakwe zangu hawasomi Kiswahili, na wanaokisoma hawanijui."

Nilipotoka, mama wa kona alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu yake iliyovimba kwenye ngazi, mahali ambapo kila anayeingia yadini lazima airuke. Alikuwa ameshasikia kila neno; mlango wenyewe wa mbao laini.

"Wewe rudi Kasese," akaniambia. "Una darasa. Mimi nitakaa hapa."

"Hapa kwenye ngazi?"

"Si nakaa tu? Hii ni mchana, watu wanapita. Nitawasalimia." Akapandisha sauti, ifike ndani. "Mtu akiniuliza niko kwa nani, nitasema niko kwa bosi!"

Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya mawese kutoka ng'ambo ya mpaka alisimama kabisa, akauliza kwa Kiswahili cha kwao. "Mama, unangoja bosi? Beko ndani?"

"Beko ndani, mwanangu. Anatafuta ufunguo."

Nilimwachia blanketi langu na dawa zake, nikapanda gari la kurudi. Njia nzima nilijiambia kwamba huo ni mkakati. Nilikuwa nimemwacha mwanamke mgonjwa kwenye ngazi ya watu, Bwera, na nilikuwa nakwenda kufundisha insha.

Simu ilikuja kesho yake asubuhi, wanafunzi wangu wakiwa wameinama juu ya zoezi. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha tanki.

"Dada," mdogo wangu akasema. "Nimempa."

"Umempa nini?"

"Chumba. Cha mwisho, upande wa kahawa. Kina dirisha. Hakulala kwenye ngazi, usinitazame hivyo." Alisema hivyo kwenye simu. "Madereva walianza kumletea chai. Watu wa forodhani walianza kuuliza. Jioni nikampakia kwenye lori nikapanda naye."

"Na wakwe?"

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akitwanga.

"Nimewaambia alikuwa mfanyakazi wetu," akasema. "Wa nyumbani. Zamani, wakati wa baba."

"Tulikuwa na mfanyakazi?"

"Sasa tulikuwa naye."

"Kwenye kibanda cha bati. Watu wanne, na mfanyakazi."

"Kibanda sijakitaja. Dada, sikiliza. Mama mkwe amefurahi mpaka amelia. Amesema familia yenye heshima unaijua kwa hilo, haiwatupi watumishi wake. Amenisifu mbele ya mzee, mumewe. Mbele ya wote." Sauti yake ilikuwa na kitu nisichokipenda, nikakitambua: alikuwa ameanza kuamini.

"Na akifa?"

"Nimeuliza hapohapo, mbele ya mzee. Nikasema huyu mama hana watu, likitokea tutamlaza hapa, chini ya migomba. Mzee akakubali. Akasimama akaonyesha mahali kwa fimbo. Imekwisha, dada. Hakuna mtu wa kumtoa tena."

Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke yule hakuwahi kutupikia hata uji kwa mshahara, kwamba alikuwa mwenzetu juu ya saruji ileile, kwamba tumemfanya mtumishi wetu ili watu wavumilie kumwona. Badala yake nikasema asante. Nililisikia likitoka, na lilikuwa la dhati.

"Anakutaka," akasema, na simu ikabadilisha mkono.

"Mutoto wa afande!" Alikuwa anahema, lakini alikuwa anacheka. "Umesikia cheo changu? Nilikuwa mpishi. Sasa huyu mama mkwe anataka nimweleze mlikuwa mnakula nini kwa baba yenu. Amekaa hapa, anangoja. Niseme nini?"

"Umesema nini mpaka sasa?"

"Nimesema wali."

Kupitia dirishani wanafunzi wangu walikuwa wameanza kuzungumza. Nilikuwa na kichefuchefu kilekile cha siku ya picha, na safari hii nilijua kinatoka kwa nani.

"Ongeza kuku," nikamwambia. "Jumapili. Kuku mzima."